brainlife ikitumika kutoka Mombasa: mashine za bure, jasho lote kabla ya kupakia

Ukiwa na picha za MRI za ubongo wa watu 50 na laptopu moja, hesabu yenyewe inavunja moyo. Amri ya recon-all ya FreeSurfer, programu ya kupima sehemu za ubongo kwenye picha, hula kati ya saa 6 na 10 kwa mtu mmoja. Tuseme 8: watu 50 ni saa 400. Ukiendesha wawili kwa mpigo zinabaki 200, yaani zaidi ya siku 8 mfululizo, usiku na mchana, feni ya laptopu ikivuma kwenye joto la Mombasa na stima isipotee hata mara moja. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowachekesha watu wa hapa.

brainlife.io inakuondolea mzigo huo bila kukutoza hata shilingi. Ni jukwaa la kwenye kivinjari la kuchakata picha za ubongo kwa ushirikiano, lililoanzishwa na kundi la Franco Pestilli wakati yuko Chuo Kikuu cha Indiana, na sasa yuko Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Makala inayolieleza kwa kina ilitoka katika jarida la Nature Methods mwaka 2024. Tunaliangalia hapa kwa jicho la mtafiti wa Pwani: mtu wa chuo au wa hospitali ya rufaa, mwenye washirika Nairobi au ng'ambo, intaneti ya kawaida, na data aliyoipata kwa taabu.

Hukumu tunaitoa mapema. Kwa nguvu za kompyuta na kwa uwazi wa hatua, ukizingatia bei yake, ni vigumu kulipatia mpinzani. Ugumu uko upande wetu wa bahari: kusafisha faili, kuficha sura za watu, kupata ruhusa, na kuamua kipi kivuke na kipi kibaki.

Linavyopanga kazi

brainlife ni msimamizi zaidi kuliko mwenye mashine. Wewe unabonyeza kwenye kivinjari, nayo inaipeleka kazi kwenye kompyuta kubwa za vyuo na vituo vya utafiti zilizokubali kuipokea. Nyingi ziko Marekani, mojawapo ikiwa Jetstream2 ya Chuo Kikuu cha Indiana. Chuo chenye seva zake kinaweza pia kuzisajili ili kazi za miradi yake ziende huko, jambo ambalo vyuo vyetu vyenye seva zinazolala vingefaa kulifikiria.

Mradi ukishafunguliwa unachagua uwe wa faragha au wa wazi, kisha unawaalika wenzako na kuwapa nafasi zao: wasimamizi, wanachama, wageni. Kila data inayoingia lazima itangaze aina yake. Picha ya T1, ile inayoonyesha umbo la ubongo, ni neuro/anat/t1w. Picha za DWI, zile zinazopima mtawanyiko wa maji kwenye nyuzi za ubongo, ni neuro/dwi, nazo ni faili tatu zinazotembea pamoja: dwi.nii.gz ya picha, dwi.bvals ya nguvu za kipimo na dwi.bvecs ya mielekeo yake. Apu, yaani programu ya hatua moja ya uchakataji, nayo imetangaza inakula nini na inatoa nini. Kwa hiyo huwezi kuilisha FreeSurfer picha ya fMRI, ile ya shughuli za ubongo, kwa bahati mbaya. Jukwaa halikupi hata nafasi ya kujaribu.

Kila apu ni msimbo ulio wazi kwenye GitHub, na programu yake huendeshwa ndani ya kontena, yaani kifurushi kilichobeba toleo maalumu la programu pamoja na maktaba zake zote. Jambo hili si mapambo. Gronenschild na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba kubadilisha toleo la FreeSurfer, au hata mfumo wa uendeshaji wa kompyuta, kunatosha kubadilisha vipimo vya ujazo na unene wa gamba la ubongo. Mombasa ikitumia toleo moja na mshirika wa Nairobi jingine, tofauti ya programu inaweza kusomeka kana kwamba ni tofauti ya wagonjwa. Ndani ya mradi mmoja wa brainlife, wote wakichagua apu ileile ya toleo lilelile wanatumia kontena ileile, na kila tokeo linabeba nasaba yake: limetoka kwenye faili ipi, kwa apu ipi, tawi lipi la msimbo, vigezo gani. Mhakiki wa jarida akiuliza mlifanyaje, jibu lipo tayari.

Kuna pia kanuni za kujiendesha. Unaandika kanuni moja kwamba kila T1 iliyo ghalani inyooshwe kwanza kwenye mhimili wa AC-PC, mstari wa kawaida wa kulinganishia mkao wa ubongo, na ya pili kwamba kila iliyonyooshwa ipelekwe FreeSurfer, halafu unaondoka. Hapa ndipo wengi wanapojiumiza. Kanuni hazina huruma: kigezo kikiwa kibaya, kitakuwa kibaya mara 50, na foleni ya mashine za umma utakuwa umeijaza takataka. Anza kwa watu wawili, mmoja mwenye picha nzuri na mmoja ambaye alitikisika kidogo ndani ya mashine. Wakipita wote, fungulia kundi zima.

Jambo la kukumbuka: matokeo yanayobaki kwenye ukurasa wa michakato bila kuhifadhiwa kwenye ghala la mradi hufutwa baada ya muda. Weka alama ya kuhifadhi tangu unapoituma kazi.

Njia ya baharini

Mombasa ni lango la nyaya za intaneti za ukanda huu. SEACOM na TEAMS zilitua hapa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Hata hivyo, kutoka hapa hadi seva za Indiana, kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 200, na umbali huo haununuliki kwa bando lolote. Athari yake inategemea sana unachopakia.

Chukua mtu mmoja mwenye T1 ya vipande 176, fMRI ya vipande 36 mara 200, na DWI ya vipande 60 mara 65. Zikiwa DICOM, muundo unaotolewa na mashine za hospitali, faili moja kwa kila kipande, hizo ni faili 11,276. Kwa watu 50 ni 563,800. Ukizituma mojamoja, na kila moja ikasubiri milisekunde 200 tu za kwenda na kurudi, unapoteza zaidi ya saa 31 kwa kusubiri peke yake, kabla ya kuhesabu uzito wa data yenyewe. Zigeuze kuwa NIfTI, muundo wa kitafiti unaokusanya vipande vyote kwenye faili moja, na mtu huyo anakuwa na faili tatu za picha: T1 ya takriban MB 23, fMRI ya 59 na DWI ya 128, bila kubana. Jumla MB 210 kwa mtu, GB 10.5 kwa wote. Kwa laini inayopakia Mbps 10 za kweli ni saa 2 na dakika 20. Zikibanwa kwa gzip inashuka zaidi.

Angalizo kwa wanaosoma tangazo la kampuni ya intaneti: kasi inayotajwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya kupakua. Hapa unayoihitaji ni ya kupakia, ambayo kwa laini nyingi za simu ni sehemu ndogo ya hiyo. Pima kwanza. Na kama chuo chako kimeunganishwa na KENET, mtandao wa vyuo vya Kenya, pakia ukiwa kampasi.

Usipakie kwa kivinjari kama una watu zaidi ya wachache. Kifaa cha mstari wa amri kinachoitwa bl hupakia folda nzima iliyopangwa kwa BIDS, mpango wa pamoja wa kupanga faili za picha za ubongo, na kukatika kwa laini hakukuachi ukijiuliza umefika wapi. Tengeneza orodha ya sha256sum (alama ya kipekee ya kila faili) kabla ya kuanza, kisha ulinganishe idadi na ukubwa wa vilivyofika. Nyaya nazo hukatika: Mei 2024 EASSy na SEACOM ziliharibika upande wa Afrika Kusini na Afrika Mashariki yote ikaburuta miguu kwa siku kadhaa. Ukiwa na tarehe ya mwisho ya ruzuku, usipange kupakia wiki ileile.

Kuna faida ambayo mtu wa Nairobi mwenye jenereta anaweza asiione haraka. Kazi ikishapokelewa kule, laptopu yako haina kazi tena. Stima ikipotea Kisauni saa mbili usiku, FreeSurfer inaendelea Indiana kama kawaida.

Kurudisha matokeo ndiko watu wanakosahau kufanya hesabu. Folda kamili ya FreeSurfer ya mtu mmoja ni takriban MB 300 au zaidi. Kwa watu 50 ni GB 15 na kuendelea, uzito mkubwa kuliko wa data uliyopakia! Na fMRIPrep, programu ya kuandaa picha za fMRI, ni mlafi kuliko hiyo. Usizipakue. Kinachohitajika kwenye takwimu ni majedwali ya vipimo ya aparc.stats (gamba la ubongo) na aseg.stats (sehemu za ndani), kila moja kilobaiti chache tu, na jumla yake kwa kundi zima inaingia hata kwenye barua pepe. Jukwaa lina apu za kukusanya majedwali hayo, na lina madaftari ya Jupyter ya kuchambulia hukohuko. Picha zenyewe zitazame kwa vitazamio vya ndani ya kivinjari. Zinafunguka polepole kwa laini zetu, lakini mara moja kwa kila mtu inatosha.

Kabla ya kupakia

Hapa ndipo jukwaa haliwezi kukusaidia, na ndipo miradi mingi inapokwama.

Data ya hospitali huja kwenye CD au diski ikiwa DICOM. Ndani ya kila faili kuna jina la mgonjwa kwenye lebo 0010,0010, nambari yake kwenye 0010,0020 na tarehe ya kuzaliwa kwenye 0010,0030. Ugeuzaji ufanyike hapahapa kwa dcm2niix, programu ya Chris Rorden isiyohitaji kompyuta yenye nguvu. Amri ya kutosha ni hii:

dcm2niix -b y -ba y -z y -f %p_%s -o towe/ ingizo/

Kipengele cha -ba y kinaondoa utambulisho kwenye faili ya JSON, ile ya maelezo inayoambatana na picha. Lakini tazama -f kwa makini. Humo %p ni jina la itifaki na %s ni nambari ya mfululizo. Ukiweka %n, jina la mgonjwa linaingia kwenye jina la faili lenyewe, na hakuna -ba itakayokuokoa: utapakia faili yenye jina na ukoo wa mtu ukidhani umeificha. Ni kosa la herufi moja, na hutokea kwa sababu %n ni rahisi kwa anayetaka kutambua nani ni nani akiwa anapanga folda.

brainlife ina pia ezBIDS, huduma nzuri mno ya kupanga DICOM kuwa BIDS kwa kubonyeza. Kasoro yake kwetu ni kwamba ugeuzaji unafanyika kwenye seva yao, kwa hiyo majina yanavuka bahari kabla hayajafutwa. Msimbo wake uko wazi na unaweza kuendeshwa kwa Docker, programu ya kuendeshea kontena, kwenye kompyuta ya chuo. Fanya hivyo, au iache kabisa.

Baada ya majina ni sura. T1 ya milimita 1 ina pua, midomo na masikio, na programu ya kawaida inaweza kuijenga upya. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic walichukua watu 84 wa kujitolea, wakajenga sura zao kutoka MRI na kuzilinganisha na picha za kawaida kwa programu ya kutambua nyuso: asilimia 83 walitambuliwa sawasawa. Kwa hiyo sura iondolewe kwa pydeface au mri_deface, nayo ifanyike kwenye kompyuta ya hapa. Kisha fungua kila picha uitazame. Algoriti hizi hukosea kwa njia mbili: huacha pua nzima, au hukata kipande cha mbele cha ubongo, hasa kwa watoto na kwa picha ambazo kichwa kimekaa upande. Mtu mmoja makini anamaliza picha 50 ndani ya saa moja. Usimpe kazi hiyo mwanafunzi aliyechoka saa kumi na moja jioni ya Ijumaa.

Mpango wa BIDS, uliochapishwa 2016, unataka folda ya kila mtu na faili ya dataset_description.json, na unapendekeza participants.tsv. Katika participants.tsv weka umri kwa miaka, jinsia na kundi, basi. Ufunguo unaounganisha sub-001 na jina halisi ubaki kwenye faili iliyofungwa kwa nywila, chuoni. Amua mapema kama ni sub-001 au sub-1, kwa sababu brainlife itawahesabu kuwa watu wawili. Endesha kikaguzi cha BIDS, na usipakie hadi makosa yote mekundu yaishe.

Kasoro inayouma kuliko zote huja kimyakimya: faili ya JSON isiyo na PhaseEncodingDirection, TotalReadoutTime au SliceTiming. Bila hizo mbili za kwanza huwezi kusahihisha upindaji wa picha za DWI na fMRI ipasavyo. Bila ya tatu huwezi kulinganisha muda wa vipande. Chanzo mara nyingi ni mfumo wa hospitali uliofuta lebo za siri za mtengenezaji wakati wa kuhamisha picha, kwa nia njema ya kulinda faragha. Ukishapewa CD ya namna hiyo hakuna apu itakayorudisha kilichofutwa. Dawa ni kuongea na fundi wa MRI kabla ya mtu wa kwanza kulala kwenye mashine, umwombe data moja kwa moja kutoka kwenye konsoli, uigeuze, na ukague hizo lebo tatu kwa macho yako.

Na kama picha zako ni za kliniki, T1 yenye vipande vya milimita 5 vilivyochukuliwa kwa haraka, usitarajie muujiza kutoka recon-all ya kawaida iliyotengenezwa kwa milimita 1. Itaendesha kwa saa nyingi halafu ianguke, au mbaya zaidi, imalize na kutoa vipimo vya uongo. Matoleo mapya ya FreeSurfer yana SynthSeg na recon-all-clinical kwa picha za aina hiyo. Kabla hujaahidi chochote kwenye pendekezo la utafiti, tafuta kama kuna apu inayozibeba. Isipokuwepo, Neurodesk, tutakayoieleza mwishoni, ni njia nyingine.

Ruhusa

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaiweka hali ya afya ya mtu kwenye kundi la data nyeti. Kifungu cha 49 kinasema uchakataji wa data nyeti nje ya Kenya ufanyike tu kwa ridhaa ya mhusika na kwa uthibitisho wa ulinzi unaofaa. Ridhaa ya kawaida ya "picha zangu zitumike kwa utafiti" haitoshi. Fomu iwe na sentensi kama hii, kwa Kiswahili kinachosomeka: "Nakubali picha zangu, zikishaondolewa jina na sura, zihifadhiwe na kuchakatwa kwenye kompyuta zilizo nje ya Kenya." Na nyingine, tofauti, kuhusu kuchapishwa kwa umma. Mtu aweze kukubali ya kwanza na kukataa ya pili.

Kamati ya maadili itauliza seva ziko nchi gani, nani ana funguo, na data itakaa muda gani. Wajibu kwa majina ya vituo na tarehe. Neno "wingu" peke yake halimridhishi mjumbe yeyote aliye macho. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ni shughuli nyingine, isichanganywe na hii. Wenye data iliyokusanywa miaka ya nyuma bila ridhaa hizi wasiipakie; wairudie kamati kwanza.

Kazi ikifeli

Ukurasa wa mchakato huonyesha kumbukumbu za kazi, na huko ndiko kwa kuanzia kabla ya kuandikia watu wa msaada. Msimbo wa kutokea 137 mara nyingi maana yake ni RAM: mfumo umeiua kontena kwa sababu imezidi kiasi ilichopewa. Punguza idadi ya nyuzi za kompyuta (threads) zinazoendeshwa kwa pamoja, au chagua rasilimali nyingine kwenye menyu kama apu inaruhusu. Ujumbe unaotaja leseni unamaanisha apu ya FreeSurfer au fMRIPrep inataka faili ya leseni. Ni bure, unajisajili kwenye tovuti ya FreeSurfer na kuletewa kwa barua pepe. DWI ikikataliwa, hesabu safu za bvals na bvecs: picha yenye juzuu 65, yaani picha kamili 65 za kichwa, inataka thamani 65, na tofauti ya moja huwa ni ile b=0, isiyopima mtawanyiko, iliyotolewa mwanzoni bila kugusa faili za maandishi.

bvecs zilizogeuzwa ni hatari kuliko zilizokosekana, maana kazi inakamilika vizuri na rangi ya kijani inawaka. Ukitazama njia za nyuzi za corpus callosum na kuziona zinapanda juu badala ya kuvuka kutoka upande mmoja wa ubongo hadi mwingine, mihimili ya bvecs imevurugika.

Foleni haitabiriki. Mashine ni za umma, na siku ambazo watafiti wa Marekani wana makataa yao, kazi yako itakaa. Hili si la kumlaumu mtu, ndiyo bei ya bure. Kumbuka pia tofauti ya saa: saa tatu asubuhi ya Indiana ni saa kumi jioni hapa wakati wa kiangazi chao, saa kumi na moja wakati wa baridi. Swali ukilituma asubuhi yetu litasomwa jioni. Kumbukumbu za seva nyingi huandikwa kwa UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Ukilinganisha na saa ya ukutani na kuihesabu Kiswahili, fanya hesabu mara mbili.

Jukwaa halitibu tofauti za mashine za MRI. Kuweka data ya Mombasa na ya mshirika wa ng'ambo kwenye mradi mmoja kunasawazisha programu tu. Tofauti za skana zinabaki, na zinahitaji mbinu ya kusawazisha kama ComBat wakati wa takwimu, pamoja na wagonjwa na watu wenye afya kutoka kila kituo. Kituo kimoja kikileta wagonjwa watupu na kingine watu wenye afya watupu, hakuna hesabu itakayotenganisha tofauti ya skana na ya ugonjwa.

Njia nyingine

Neurodesk, iliyotokana na kundi la Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ni ya kuitazama kwa makini ikiwa ruhusa ya kuvusha data haijapatikana. Unapata dawati la Linux lenye FSL, FreeSurfer, MRtrix na nyingine nyingi, na unaweza kuliendesha kwa Docker kwenye kompyuta ya chuo bila data kutoka mlangoni. Programu hushushwa pale unapozihitaji, kwa hiyo mara ya kwanza kufungua FSL utasubiri. Baada ya hapo ni haraka. Toleo lao la mtandaoni linafaa kwa kufundishia, ila dawati zima likichorwa kutoka mbali kwa milisekunde zetu, kipanya kinachelewa hadi kinaudhi. Usimamizi wa kazi nyingi na nasaba ya matokeo unajitengenezea mwenyewe.

OpenNeuro ya Stanford ni ghala, haichakati chochote. Data zake hutolewa kwa CC0, yaani yeyote afanye atakalo, kwa hiyo si mahali pa data yenye masharti. Thamani yake kwa mwanafunzi wa Mombasa ni kujifunzia: seti ya ds000114, ya watu 10 waliopimwa mara mbili, huingizwa kwenye mradi wa brainlife moja kwa moja bila kupita kwenye laptopu yako. Bando lako halina habari. Jifunzie njia nzima kwa hiyo, hadi majedwali ya mwisho, ndipo uguse data ya wagonjwa.

Kukodi mashine kutoka kampuni kubwa kunawezekana karibu zaidi: Amazon ina kituo cha Cape Town tangu 2020, Microsoft na Google ziko Johannesburg. Unalipa kwa saa, unalipa kuhifadhi, na unalipa kutoa data nje, na hiyo ya mwisho ndiyo inayowashtua watu. Kisheria bado ni nje ya Kenya. Inafaa kwa kundi lenye ruzuku na fundi wa mifumo. Bila fundi, mashine iliyosahauliwa ikiwaka mwezi mzima itamaliza bajeti ya nauli za washiriki.

Tukirudi kwa brainlife, hatua ya mwisho ni kuchapisha. Data na apu zilizotumika zinapewa ukurasa na DOI, kitambulisho cha kudumu cha mtandaoni, jambo linalompa mtafiti wa hapa kitu cha kutajwa kwa jina lake. DOI ikishatoka haitenguki kirahisi, na nakala zilizopakuliwa na wengine hazirudi. Kabla ya kubonyeza, hakiki kwamba picha zinazochapishwa ni zile zilizoondolewa sura, kwamba kila mtu kwenye orodha alikubali ile ridhaa ya pili, na kwamba waliojitoa wameondolewa pamoja na kila kilichozalishwa kutokana na picha zao. Nasaba ndiyo itakayokuonyesha: anza na T1 ya sub-017, ufuate matawi hadi kila jedwali lililomgusa, ulitengeneze upya bila yeye.